Njia Mbili Zilimshinda Fisi

Wako watakaoshangaa kuuona ukurasa huu wa utamaduni, uliozoea habari za mashairi, ngoma na nakshi za milango, leo ukiingia chini ya gari na kuanza kuhesabu kamani. Wasishangae. Utamaduni wa watu haukai katika ngoma zao peke yake. Umo pia katika vyombo wanavyosafiria, jinsi wanavyovichagua, wanavyovipamba na wanavyovichunga. Mtu akitaka kuwajua wazee wetu wa pwani hana budi kuyajua majahazi yao. Na akitaka kuwajua vijana wa leo, wa pwani na wa bara, basi na ayatazame magari yao.

Nimeyasema haya kwa sababu ya mjadala niliousikiliza Uriri. Kwa msomaji asiyepajua, Uriri ni mji mdogo katika kaunti ya Migori, nchi ya Kanyamkago, kando ya barabara kuu itokayo Isebania mpakani kwenda Kisii. Upo kati ya mji wa Migori na Awendo, penye kiwanda cha sukari cha SONY. Mashamba ya miwa na tumbaku yameuzunguka. Barabara yenyewe, kutoka Isebania hadi Ahero, kilomita 172, imefanyiwa ukarabati mkubwa katika miaka ya karibuni. Lakini ukiiacha lami hatua chache tu umo katika udongo mwekundu, na mvua ikinyesha njia hugeuka mifereji iliyochimbwa na matrekta ya miwa.

Mji ulio mbali na bahari kama huu una swali lilelile linaloulizwa Kisauni na Malindi. Kijana ana gari moja, tuseme Subaru Impreza iliyoteremshwa Kilindini kutoka Japani. Siku za kazi gari hilo humpeleka shughulini, hubeba wazazi, na usiku wa dharura humpeleka mgonjwa hospitali. Lakini mwenyewe ana shauku ya mashindano, na mara mbili tatu kwa mwaka hutaka kulifikisha kiwanjani likapimwe kwa saa. Basi anataka kuzing'oa shokapu za kiwandani na kutia zile ziitwazo koilova. Je, achague zipi? Wenziwe humwambia achague za chini kabisa na ngumu kabisa, kama wafanyavyo mabingwa.

Mimi nasema sivyo. Rai yangu ni kwamba gari moja likitakiwa kwenda njia mbili, litengenezwe kwa ile iliyo mbaya na ndefu zaidi, wala si kwa ile iliyo nzuri na fupi. Na fedha zinunue utulivu wa gari, zisinunue sura yake.

KAMANI HUBEBA, SHOKAPU HUTULIZA

Hebu kwanza tufahamiane. Kila gurudumu la gari lina vitu viwili vyenye kazi mbalimbali, na wengi wetu huvichanganya. Kamani, au springi kama wasemavyo mafundi, ndiyo inayobeba uzito. Gurudumu likipanda jiwe, kamani hujikunja, likishuka, hujikunjua. Ingeachwa peke yake, gari lingekuwa likirukaruka kama mtumbwi mtupu penye mawimbi. Shokapu ndiyo inayoituliza. Ndani yake mna mafuta, na pistoni yenye vitundu vyembamba. Mafuta hulazimishwa kupita katika vitundu hivyo, na nguvu ya mrusho ule hugeuka kuwa joto na kuishia hapo.

Katika magari mengi madogo, kamani na shokapu za mbele zimefungwa pamoja katika mguu mmoja. Mtindo huo tumeupata kwa mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, na magari ya Ford ya Uingereza yaliutumia tangu mwanzo wa miaka ya 1950. Impreza za awali zina miguu hiyo mbele na nyuma. Koilova nayo ni mguu wa namna hiyo, ila mwili wake umechongwa meno kama skrubu, na juu ya meno hayo mna pete za chuma ambazo fundi huzizungusha kwa spana ili kulipandisha au kulishusha gari. Nyingi zina pia kirungu kidogo cha kukaza na kulegeza shokapu hatua kwa hatua.

Hapo ndipo ubinadamu unapoingia. Kazi ya pete huonekana na kila mpita njia, bali kazi ya mafuta haionekani na mtu. Kwa hiyo mtu akishafungiwa koilova, jambo la kwanza ni kuzizungusha pete mpaka gari lilale chini kama paka anayenyemelea panya. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengi wetu tumeacha kuinama. Tunasimama mbali tukatazama gari lilivyokaa, tukaridhika.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ugumu wa kamani hupimwa kwa idadi ya kilo zinazoikunja kwa milimita moja. Kamani ya kilo 4 ikibebeshwa kilo 100 zaidi hujikunja milimita 25. Ya kilo 10, kwa mzigo uleule, hujikunja milimita 10 tu. Katika kiwanja cha lami laini, hiyo ya kilo 10 ni neema, maana gari haliinami sana kwenye kona na dereva huhisi vizuri tairi zake zinafanya nini. Lakini penye mashimo, gurudumu lisilokubali kujikunja huruka hewani, na tairi iliyo hewani haigeuzi gari wala haishiki breki. Kwa hivyo aliyedhani kwamba ugumu ndio kasi amekosea. Mahali pabaya, gari laini lililotulizwa vyema hulipita gari gumu, na tena hufika likiwa zima.

USHAHIDI WA SAFARI

Jambo hili halihitaji ushahidi kutoka Ulaya. Tunao hapa nyumbani. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miongo mingi yalikuwa ya maelfu ya kilomita za vumbi, tope na mawe. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, ambako si mbali na Migori, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha tumika, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Katika Safari ya siku zile sharti la kwanza la ubingwa lilikuwa kufika.

Safari iliporejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, somo lilikuwa lilelile. Makampuni yanayoyashusha magari yao na kuyakazia kamani kwa ajili ya lami ya Monte Carlo, yakija Kenya huyapandisha na kuyapa miguu yenye nafasi ndefu ya kujikunja. Hao ni watu wenye wahandisi na mali nyingi, na hawathubutu kuleta miguu ya lami katika vumbi letu. Mimi na wewe, ndugu msomaji, wenye gari moja na pato moja, tunathubutu vipi?

KIWANJA KIFUPI, NJIA NDEFU

Uriri hapana kiwanja cha mbio za magari. Kijana wa huko akitaka kwenda Athi River, kwenye kiwanja cha Whistling Morans, itambidi apite Awendo, Rongo, Kisii, Bomet, Narok na Mai Mahiu. Hizo ni zaidi ya kilomita 300 za kwenda, na kama hizo za kurudi, pamoja na matuta ya kila soko na kila shule. Hata akizunguka kiwanjani mara ishirini, mwendo wake wote wa mashindano hautafika sehemu ya kumi ya safari. Mtu huyu akichagua kamani kwa ajili ya ile sehemu moja na kuzisahau zile tisa, huwa kama aliyeshona kanzu kwa kipimo cha mkono wa jirani.

Tena gari likiwa na nafasi ya sentimita 15 chini ya tumbo lake, ukalishusha sentimita 5, zimebaki 10. Watie abiria wanne na mizigo ya arusi, kisha ulipitishe juu ya tuta. Kitakachokwangua ni bomba la moshi, na pengine chombo cha mafuta ya injini. Hasara hiyo ni ya siku moja. Iko hasara nyingine iliyojificha. Katika miguu ya mtindo wa MacPherson, gari likishushwa kupita kiasi, mikono ya chuma inayoshika magurudumu kwa chini huacha kulala sawa, ikaelekea juu kama mabawa ya ndege anayepaa. Hapo gari huzidi kutaka kuinama kwenye kona. Mwenyewe asipojua sababu, hurudi dukani kununua kamani ngumu zaidi ili kuziba kosa alilolinunua kwa fedha zake mwenyewe.

Lakini hayo yote ni ya chuma na fedha. Lililo zito kuliko yote ni la roho za watu. Mtu aliyefunga vifaa vya kiwanjani, na kiwanja hana, hutamani kuvijaribu, na pa kuvijaribia huwa ni barabara kuu. Na barabara ile ya Uriri ni mali ya wanafunzi watokao shule, ya akina mama wenye vikapu vya soko, ya bodaboda, na ya matrekta yanayokokota miwa. Sheria ya Kenya imeweka kilomita 50 kwa saa penye miji na masoko, na ina kikomo chake pia katika barabara kuu. Hakuna koilova duniani inayoibadilisha sheria hiyo, wala inayompa mtoto anayevuka njia nafasi ya pili.

KOSA LA KINYUME

Nisije nikaonekana nawaonea wenye Subaru tu. Katika barabara hiyohiyo liko kosa jingine linalokwenda kinyume, nalo ni la Toyota Probox. Gari hili lilitoka Japani mwaka 2002 likiwa gari la kazi la kubeba mzigo usiozidi kilo 400. Huku Migori, Kisii na Homa Bay limegeuzwa matwana, na abiria hupangwa humo kama dagaa ndani ya pakacha. Chukua watu kumi wenye kilo 70 kila mmoja, ni kilo 700 kabla hujahesabu magunia. Nyuma ya gari hulala, na dawa inayotumika ni kuwekea kamani vipande vya kuinulia, au kutia kamani ngumu zisizo zake.

Sisi watu wa pwani twaijua hadithi hii. Jahazi likiwa tupu hutiwa farumi chini, mawe au mchanga, ili lisiyumbe. Na nahodha mwenye akili hapandishi shehena yote juu ya sitaha, maana upepo ukigeuka chombo nacho hugeuka. Probox iliyoinuliwa kisha ikajazwa watu ni jahazi lenye farumi juu. Kile kipande cha chini hakikuiongezea kamani nguvu hata kidogo. Kimeinua bodi tu ili udhaifu usionekane. Breki ni zilezile, tairi ni zilezile, shokapu ni zilezile.

Kwa hiyo yule anayeshusha kwa ajili ya fahari na huyu anayeinua kwa ajili ya pato ni ndugu wa baba mmoja. Wote wawili wamelibadilisha umbile la gari kwa jicho, pasipo kupima.

BASI ACHAGUE ZIPI?

Yule kijana wetu atauliza, naye ana haki: umenikataza mengi, waniruhusu nini? Namjibu hivi.

Aanze na tairi nzuri, breki zilizo salama na bushi zisizochakaa, kwani koilova zilizofungwa juu ya bushi zilizokufa ni kilemba juu ya kichwa kisichooshwa. Yakiisha hayo, atafute koilova ambazo urefu wake hurekebishwa kwa mguu wa chini, mbali na pete inayoshika kamani, ili akilishusha gari asiile nafasi ya shokapu kujikunja. Kamani ziwe za wastani, tuseme kilo 5 au 6, aziache zile za 10 na 12. Shokapu ziwe zimetengenezwa na kiwanda kilekile kwa ajili ya kamani zilezile; kamani ngumu juu ya shokapu dhaifu hurusha gari kama mpira.

Kuhusu aina ya shokapu, ziko za mrija mmoja na za mirija miwili. Zile za mrija mmoja, zenye gesi ya naitrojeni iliyotengwa na mafuta, zilipata sifa kupitia kampuni ya Bilstein ya Ujerumani tangu miaka ya 1950. Hizo hupoa upesi, na kiwanjani ni bora. Ila pistoni yake hupita katika ukuta uleule wa nje, na jiwe likiubonyeza ukuta, pistoni hukwama. Zile za mirija miwili huchelewa kupoa, lakini ukuta wa nje ukibonyea kidogo, wa ndani huendelea na kazi. Kwa mtu anayekanyaga kokoto kila siku na kiwanja mara tatu kwa mwaka, hizi za mirija miwili si aibu hata kidogo.

Asishushe zaidi ya sentimita mbili au tatu. Akimaliza, magurudumu yapimwe upya yaelekee sawa, na taa za mbele zirekebishwe pia, kwa sababu gari likiinama au kuinuka taa nazo hubadili mwelekeo, na aghalabu anayepofushwa ni dereva ajaye mbele. Hatua za kukaza na kulegeza shokapu aziandike katika daftari: hizi za njiani, hizi za kiwanjani. Akitoka kiwanjani azirudishe za njiani kabla ya kuwasha gari kwenda nyumbani. Bima yake aiarifu kuhusu mabadiliko aliyoyafanya, asije akalijua sharti hilo siku ya ajali.

Tena ajihadhari na bei. Katika barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na kwenye maduka ya vipuri ya Mombasa, utaziona koilova zilizotumika Japani, nyingine nzuri, nyingine zimekufa zamani. Mti wa pistoni ukiwa na mafuta nje au mikwaruzo, mwachie mwenyewe. Cha rahisi ghali. Na ziwe ni za aina ambayo sili na mafuta yake yaweza kubadilishwa hapa nchini. Sisi wa pwani tuna mtihani mmoja wa ziada, nao ni chumvi: meno yale ya skrubu yasipooshwa na kupakwa grisi, hushikana kwa kutu, na koilova ya kurekebishwa ikawa haifunguki tena. Wa Uriri ana tope lake jekundu, lenye kazi ileile.

Yule aliyejaaliwa magari mawili, moja la njiani na moja la kubebwa juu ya lori mpaka kiwanjani, maneno haya hayamhusu. Na afunge kamani za kilo 12 akitaka. Mimi nasema na mwenye moja.

DENI LA LUGHA

Limebaki neno moja, nalo ni letu sisi tulioshika kalamu. Koilova huja katika sanduku lenye maelezo ya Kijapani au Kiingereza. Fundi wa Uriri huzungumza Kijaluo nyumbani na Kiswahili gereji. Karatasi ile aghalabu hutupwa pamoja na sanduku, na kazi ikafanywa kwa kukisia. Si kwamba hana akili. Mikono yake hufanya mambo ambayo wengi waliosoma vitabu hawayawezi. Elimu imemjia kwa mlango usio wake. Lugha yetu ina kamani, ina farumi, ina shehena na usukani. Inashindwaje kumweleza mtu tofauti ya kubeba na kutuliza? Vyuo vya ufundi, wauzaji wa vipuri na vyama vya wapenzi wa magari vingetoa karatasi moja ya Kiswahili safi kwa kila jozi inayouzwa, makosa mengi yangekwisha kabla ya kufungwa.

Fisi wa hadithi alisimama njia panda akitaka kuzila nyama mbili kwa pamoja, mguu huu huku na ule kule, mpaka akapasuka. Kijana mwenye gari moja hana haja ya kupasuka. Anaweza kwenda zote mbili, maadamu amejua ipi ni ya kila siku. Nami, kwa kuwa mazoea yana taabu, namwachia ubeti mmoja:

Kijana nakuusia, gari usishushe chini,
Kwanza itazame njia, na wapandao garini,
Mbio zina pake pia, zipeleke kiwanjani,
Kila chombo kwa wimbile, nahodha shika sukani.